Filta Iliyopakwa Rangi

"Sevisi tayari, Bi Zamoyoni," fundi Kombo alisema akifunga boneti ya pikapu. "Oili mpya, filta mpya."

Bi Zamoyoni aliinama chini ya gari, akaisugua filta kwa kitambaa chenye petroli. Rangi mbichi ilitoka, ikabaki herufi Z aliyoikwaruza mwenyewe kwa msumari sevisi iliyopita.

"Mpya, eh? Huna haya! Mkeo akishikwa uchungu, si utaniomba pikapu hii hii?"

Kombo alivuta droo, akatoa filta mpya aliyoletewa na Bi Zamoyoni asubuhi, bado imo ndani ya boksi.

Bi Zamoyoni alitema mate. Droo ilijaa maboksi yasiyofunguliwa, kila moja limeandikwa jina la mwenye gari. La juu kabisa lilikuwa la gari la wagonjwa.