Fundo kwenye Mafunjo

Akeyo alikuwa akikata mafunjo ya kuezekea nyumba yake, kwenye kipande chake kinamasini, msichana mgeni mwenye darubini alipotokea.

“Shikamoo, mama. Hapo pana kiota. Ndege hawa wamebaki wachache sana, na hawazai kwingine ila kwenye mafunjo.”

“Marahaba. Makinda wataruka lini?”

“Baada ya wiki mbili.”

“Na mvua ininyeshee mimi?” Akeyo akacheka. Akafunga fundo kwenye mafunjo yale, alama ya wakataji kwamba hapaguswi. “Haya, mwanangu. Sikati mpaka waruke.”

Wiki mbili paa lilivuja. Jirani akamtania, “Shoga, umewaezekea ndege?”

Siku ilipofika, Akeyo alirudi na mundu, kwa mtumbwi wake. Makinda wawili walikuwa wameruka. Wa tatu alisimama ukingoni mwa kiota, akipigapiga mabawa. Akeyo akaketi mtumbwini, manyunyu yakimlowesha, akangoja.