Nyumba Isiyo na Mlango

Asubuhi ile Makame aling'oa mlango akauegemeza ukutani, ili Sihaba, mjane wa kaka yake, aone aibu na kuihama nyumba. Sihaba hakulia. Alitoa kanga yake ya kisutu, ile ya harusi, akaitundika penye uwazi kwa misumari miwili, kisha akarudi kukuna nazi.

"Nyumba ya kaka yangu hii!" Makame akapayuka nje.

"Ya kaka yako na mkewe, shemeji. Nimeuliza mahakamani. Wa kunitoa hapa ni hakimu, si nyundo yako."

Majirani wakacheka. Makame akaitazama kanga ikipepea. Angeweza kuisukuma kwa kidole tu. Akakohoa, akavua viatu.

"Hodi," akasema.

Ndani, nazi iliendelea kukunwa, taratibu.