Kigelegele Ukumbini

Sudi, fundi wa kurekodi, alisimama mbele ya ukumbi akawaomba watu jambo moja tu: wanyamaze. Piano ilikuwa ya kuazima, kesho inarudi kwa wenyewe. Mwanakheri angepiga jazi yake peke yake, mara moja tu, rekodi ipatikane au ikosekane.

Bi Kibibi, mama yake mpigaji, alikunja pindo la khanga akaliuma.

"Utaweza wewe?" shoga yake Bi Tatu alimnong'oneza. "Uliyepiga vigelegele mtoto kuota jino?"

"Niache mie."

Mwanakheri akaanza taratibu. Kisha mkono wa kushoto ukashika mwendo, wa kulia ukawa unautania, unakimbia na kurudi, hata Bi Kibibi akahisi kifua kinamjaa. Akaiuma khanga zaidi. Wapi! Kigelegele kilimtoka, kirefu, chembamba, kikazunguka ukumbi mzima.

Muziki ukakatika. Sudi akashika kichwa. Bi Kibibi aliirudisha khanga mdomoni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Kazi ya mwanawe ameiharibu kwa ulimi wake mwenyewe.

Mwanakheri akapeleka vidole viwili mwisho kabisa wa piano, kwenye sauti nyembamba, akavitetemesha mbiombio: kigelegele kile kile, sasa kinatoka kwenye piano. Watu wakaangua kicheko.

"Usizime, kaka Sudi," alisema.

Akanyanyua mikono juu ya piano, akamgeukia mama yake, akangoja. Bi Kibibi akaitema khanga. Safu nzima ya wanawake walioketi naye ikavuta pumzi.