Glasi ya Meneja

Meneja alivaa glovu kabla ya kutoka kwenda kunywa maji.

Uani mwa kiwanda watu walikuwa wameshajaa. Mvua zilikuwa zimegoma mwaka baada ya mwaka, bwawa limebaki matope yaliyopasuka, na sasa mji mzima ulitegemea kiwanda hiki kilichoyachukua maji machafu ya vyoo na mabafu na kuyarudisha bombani yakiwa yamesafishwa. Wengi hawakutaka hata kuyanusa. Ndiyo maana kila Ijumaa meneja alisimama mbele yao na kunywa.

"Haya ndiyo tunayokunywa nyumbani, mimi na mke wangu," alisema, akiinua glasi. "Na mnajua ni mjamzito. Ningemhatarisha?"

Akanywa. Makofi yakapigwa. Mama mmoja akasogea bombani na kujaza ndoo.

Hakuna aliyejua kwamba glasi ile ilijazwa ofisini, mlango ukiwa umefungwa, kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo. Yalikuwa maji ya kisima cha mama mkwe. Ukame ulipozidi, mama mkwe aliwaita wachimbaji wakakishusha hadi mwambani, na maji yakarudi, baridi na matamu. Meneja alikuwa ameziona mashine za kiwanda zikifungwa haraka haraka, wakubwa wakimpigia simu kutwa. Hakuthubutu kuyanywa maji yake.

Kisha yakaja madoa. Yalianza viganjani, meusi, ngozi ikakakamaa kama gamba. Alijilaumu kwa kunawa maji ya kiwanda kila siku. Mke wake naye yalimtoka, nyayoni.

"Yanazidi," alikuwa amemwambia asubuhi ile. "Na bomba siligusi siku hizi, hata kuoga."

"Yaliyokwisha kuingia mwilini hayatoki kwa mara moja. Kunywa ya mama kwa wingi, yakusafishe."

Uani, mzee wa mstari wa mbele alimpa mkono kumshukuru. Akaushika wa meneja kwa nguvu, na alipouachia, glovu ikabaki naye.

Watu wakakiona kiganja. Makofi yakakatika.

"Maji yamemla," mtu akasema kwa sauti ya chini.

Yule mama akaimwaga ndoo yake palepale. Muda si mrefu ua ukawa mtupu, madumu yamebebwa yakiwa makavu.

Meneja alirudi ofisini akajifungia, mikono juu ya meza kama vitu vya mtu mwingine. Simu ikaita. Alikuwa mke wake.

"Huku kwa mama kumefurika watu. Mtaa mzima umekuja na ndoo, wamesikia kisima bado kina maji. Mama anasema hana moyo wa kuwanyima, amefungua geti. Watoto wanakunywa hapohapo, hawangoji hata vikombe."

"Mwache awape," alisema. "Asimrudishe mtu."

Alikata simu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kifua chake kilikuwa chepesi. Kazi ingemponyoka, pengine na jela ingemngoja, lakini wale watu angalau wangepona.

Jua lilikuwa linashuka mkemia wa kiwanda alipogonga mlango. Koti lake jeupe lilikuwa limelowa, na alikuwa akihema.

"Bosi, nilipokiona kile kiganja nilipima kila kitu."

"Ninajua," meneja alisema. "Funga kiwanda. Lawama nitazibeba mimi."

"Kiwanda hakina neno. Matangi yote, mabomba yote, hata bomba la kunawia. Ni safi."

Meneja aliitazama mikono yake.

Mkemia akavuta kiti, akakaa. "Sumu nimeipata mahali pamoja tu, ile sumu inayotoka kwenye miamba, nyingi ya kutisha. Imo kwenye maji yaliyobaki kwenye glasi yako uliyoiacha uani. Uliyatoa wapi?"