Unyayo wa Sizya

Siku hizi hakuna anayemwona daktari wa ngozi mpaka kioo cha bafuni kwake kimtume. Kila asubuhi kioo humkagua mtu na kumpa jibu.

Kabula alikuwa akimsugua mumewe, Sizya, nyayo zilizopasuka alipoona doa jeusi karibu na kisigino. Mwezi uliopita lilikuwa kama punje ya ulezi. Sasa lilikuwa limetanuka, kingo zake hazilingani, na upande mmoja umegeuka rangi ya zambarau.

"Baba Minza, kioo kinasemaje juu ya hili?"

"Kila siku kinasema niko salama."

"Kimewahi kukuona unyayo?"

Sizya akasimama. Wakaingia bafuni, Kabula akamshika mkono asije akateleza. Kabla hajauinua mguu, kioo kikasema kwa upole, "Salama."

Wakatazamana. Kabula akakifunika kioo kwa khanga, akampigia dada yake, muuguzi wa Mwanza, akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Mlete leo hii," dada yake alisema. "Lakini usiniambie mnapita njia gani mpaka mtoke humo ndani. Vioo husikia."