Bibi wa Lesotho

Bibi kizee wa Lesotho alikuwa akichimba viazi ukutani, na sauti iliyomtoka kinywani ilikuwa ya Orpa.

"Huu udongo umenilia mume," alisema Orpa kwenye kipaza sauti, "sasa unataka na mgongo wangu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ndivyo ulivyo ukumbi wa video pale Butembo: sauti ya filamu inazimwa kabisa, na mfasiri anasema kwa niaba ya wote waliomo, wazee kwa watoto.

Gérard, mwandaaji wa wiki hiyo ya filamu za nje, alisaga meno. Kwenye filamu za ngumi angemvumilia. Lakini hizi zilikuwa filamu za mwaka 2023 kutoka nchi za mbali, ambazo hata huko kwao karibu hakuna aliyezitazama, na hilo ndilo lililomfanya azipende. Ya Georgia: mwanamume na dirisha. Ya Paraguay: ng'ombe na mvua. Hii ya Lesotho aliletewa na Orpa mwenyewe kwenye flashi. Alipoona ukungu, blanketi na uso ule uliokunjamana, Gérard alitangaza redioni kwamba ndiyo bora ya mwaka mzima, na ndiyo itakayokwenda kuonyeshwa mjini Beni Jumamosi, pamoja na mfasiri wake.

Za hapa hakuchukua hata moja. Vijana walipomletea, aliwarudishia bila kuzifungua.

"Ninyi munajua kupiga picha za harusi," aliwaambia. "Cinéma ni kitu ingine."

"Mais hawa ba-Lesotho banalima sawa sisi!" mama mmoja akapaza sauti kutoka benchi la nyuma. "Hata kitunga ni ya kwetu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Gérard akasimama mbele ya picha, viazi vikamjaa shatini.

"Inatosha! Orpa, kuna mutu alitoka jasho kwa hii filamu, na wewe unamuwekea bichekesho. Utamuomba pardon yeye aliyeitengeneza, hapa, mbele ya batu yote. Kama hapana, Beni huendi, na hiyo micro unaiacha leo."

"Mie nimuombe pardon?"

"Wewe. Hapa kwetu hakuna mutu anaweza kutengeneza hivi, hata kwa miaka mia. Donc, heshimu."

"Sawa, papa Gérard. Lakini sauti, uiache vile iko."

Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Huyu binti alitaka kuwaziba watu wa Lesotho midomo mpaka mwisho! Gérard akaenda mwenyewe kwenye mashine ya sauti.

"Leo mutasikia luga ya kweli," aliwaambia watu, akazungusha kifungo mpaka kikagoma.

Ukutani, bibi kizee alinyoosha mgongo. Alitazama moja kwa moja mbele, akafoka kwa Kinande cha Luofu, lugha ya pale pale nyumbani:

"Orpa, mjukuu wangu, weka chini hiyo kamera! Viazi haviingii kikapuni vyenyewe!"

Orpa akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Pardon," alisema, "siombi."