Doto wa Raundi ya Tatu

Watu watatu ndani ya ofisi ile walikuwa wakiomba Doto achaguliwe. Wa nne, Leokadia, aliwasihi watakatifu wote anaowajua asichaguliwe na timu yoyote duniani.

Alisimama karibu na mlango, sufuria ya maharage anayowauzia ikiwa mkononi, macho kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya marobota ya nguo. Ofisi ilikuwa ya Abeli, mfanyabiashara wa Mwanza anayesafirisha mizigo kutoka masoko ya nguo ya Zhanqian. Hapa Guangzhou, China, ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kule Marekani bado Ijumaa usiku, na timu za mpira wao ule wa kuangushana zilikuwa zikichagua vijana kutoka vyuoni. Kijana mmoja alizaliwa Mwanza. Wazungu walimchukua angali mdogo, wakamlea, wakampa jina lao la ukoo, ila la kwanza wakamwachia: Doto.

"Walisema raundi ya kwanza, na sasa ni ya tatu," alilalamika Harun, Mkenya anayenunua viatu. "Wasee, kuna kitu. Labda ni ile season alikosa yote."

"Meiyou!" Abeli alimkatalia kwa neno la wauzaji wa huku, lile la hakuna, hamna, nenda zako. "Wivu tu. Mimi najiuliza jingine. Kama huyu ni Doto, Kulwa wake yuko wapi?"

"Kwani lazima awe na Kulwa?"

"Kwetu Usukumani Doto hazaliwi peke yake, ndugu yangu. Kulwa anatangulia, Doto anafuata. Pacha yupo mahali."

Leokadia aliinamia sufuria yake. Kulwa alikuwa vituo sita vya treni kutoka pale, kitandani, amefungwa kwenye mashine inayomsafishia damu. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Figo ya Leokadia, mama yake, ilipimwa, ikakataliwa. Daktari alibakiza tumaini moja tu, pacha wake, na akasema wasikawie.

Pale ofisini walimjua mgonjwa kwa jina la ubatizo, Benjamin, na mama yake wakamwita Mama Benja. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Kwa miaka ishirini hakulitamka jina la Kulwa mbele za watu, maana ukilitaja tu mtu atauliza Doto yuko wapi. Angejibu nini? Kwamba mume alikufa, maziwa yakakauka, akambeba mmoja hadi kwa masista? Kwamba alimpeleka yule aliyenona, kwa kuwa aliogopa masista watamkataa aliyekonda? Aibu ile aliibeba peke yake, na haikupungua uzito hata siku moja.

Wiki tatu zilizopita, akiwapakulia chakula hawa hawa, aliiona kwenye simu ya Abeli sura ya Kulwa kabla maradhi hayajaikausha. Nusura aangushe sahani. Usiku ule ule aliandika barua. Sasa ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga yake, na leo alikusudia kumwomba Khatib, mwanafunzi wa Unguja aliyekuwa pale na wenzake, aiweke kwa Kiingereza na kuituma. Lakini nani atatoa figo wiki anayoajiriwa kugongana na majitu? Asichaguliwe, Mungu wangu. Akose, arudi nyumbani, aisome barua ya mama yake.

Mtu wa kwenye televisheni akafungua karatasi, akasoma. Doto.

Ofisi ililipuka. Harun alipanda juu ya robota. Abeli alimkumbatia Khatib mpaka miwani ikaanguka.

"Huyo ni wa kudaka!" Abeli alipiga kelele. "Taiti endi mrefu hivyo, unampeleka katikati adake, basi!"

"Taiti endi ni nani?" aliuliza Leokadia.

"Mtu wa kazi mbili, Mama Benja," Abeli alimweleza. " Ama anazuia, anawakinga wenzake wasiguswe. Ama anachomoka, anakimbilia katikati kudaka mpira."

"Huko katikati kunaumiza?"

"Utapigwa mbavu mpaka ukumbuke jina la bibi yako."

"Na wakimweka benchi?" Hakuweza kujizuia. "Mtu akipasuliwa, tuseme, hawezi kupumzika mwaka mmoja akarudi?"

Harun alicheka hadi akashika tumbo. "Aki Mama Benja! Kijana hata jezi hajavaa, ushampeleka theatre!"

Khatib peke yake hakucheka. Alikuwa ameokota miwani na kuinamia simu. "Hatadaka katikati," alisema. "Kocha anasema kazi yake itakuwa kuzuia, tena avae kinga maalumu ya ubavuni. Labda ndiyo sababu timu zilimkimbia."

Kuzuia. Kuwakinga wengine. Kijana wa kazi hiyo hatashindwa kuelewa. Hata kama amechaguliwa, ataelewa. Leokadia aliweka sufuria chini, akafungua fundo la khanga, akaitoa barua. Aibu na ife leo, mtoto apone.

"Khatib, mwanangu, nisomee na hii. Huyo Doto..."

"Nnakuja, mama, nimalizie hapa tu." Khatib alisogeza simu karibu na macho. "Aa! Kumbe keshapasuliwa. Ule msimu aliokosa ndio huo. Ana figo moja. Ya pili kampa mamake, yule Mmarekani aliyemlea. Wameandika hapa alikataa katakata mtu mwengine yeyote kutoa."

Harun alishuka taratibu kutoka kwenye robota.

Abeli alivua kofia, akatikisa kichwa, macho yamemlowa.

"Huyo mama," alisema, "kazaa."